Aliyetumwa Kumwita Mchungaji

Kitabu kibaya hakimsumbui msomaji. Anakifunga, anakirudisha alikokitoa, na kufikia Jumapili amekwisha kukisahau. Kitabu kizuri kinachotuvunja moyo ni jambo jingine. Hicho tunabaki nacho, kwa sababu tulikwisha kukiamini, na tunataka kujua kosa ni la nani: ni la mwandishi, ni la watu waliomo katika hadithi, au ni letu sisi tuliotarajia kitu ambacho hatukuahidiwa. Napenda kulichukua swali hilo kupitia riwaya moja iliyosifiwa sana duniani, kwa sababu linagusa jambo ambalo washarika wengi wanalijua: mtu yuko kitandani anakufa, na mchungaji yuko mbali.

Riwaya yenyewe inaitwa Giants in the Earth. Mwandishi wake, Ole Edvart Rølvaag, alizaliwa Norwei mwaka 1876 na kuhamia Marekani mwaka 1896. Baadaye akawa mwalimu wa lugha na fasihi ya Kinorwei katika Chuo cha St. Olaf, chuo cha Walutheri huko Northfield, Minnesota. Kitabu hiki alikiandika kwa lugha yake ya mama. Kilitoka Norwei kwa sehemu mbili, mwaka 1924 na 1925, kisha kikatolewa kwa Kiingereza mwaka 1927 na kupata wasomaji wengi sana. Mtunzi Douglas Moore alitunga opera kutokana nacho, na opera hiyo ikapewa Tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 1951. Jina la kitabu limetoka katika Mwanzo 6:4, pale panapotajwa majitu yaliyokuwako duniani siku za kale.

Huenda msomaji akauliza, Wanorwei wa karne iliyopita wanatuhusu nini? Wanatuhusu kwa njia ya ukoo wa imani. Wamisionari wa Kanisa la Augustana waliokuja Tanganyika katika miaka ya 1920, na ambao kazi yao inakumbukwa hadi leo kule Iramba na Singida, walitumwa na kanisa lililoanzishwa Marekani na wahamiaji kutoka Uswidi. Wahamiaji hao na Wanorwei walilima mbuga zilezile na kusoma Katekisimo ileile. Tukisoma habari za familia moja ya watu hao, tunasoma habari za jamaa.

Hadithi inaanza mwaka 1873. Per Hansa, aliyekuwa mvuvi kwao Norwei, anaingia katika mbuga za Dakota na gari la kukokotwa na ng'ombe, pamoja na mkewe Beret na watoto wao. Wanajenga nyumba kwa vipande vya ardhi yenyewe, udongo ulioshikwa na mizizi ya nyasi. Per Hansa ni mtu wa furaha na nguvu. Kila anachokiona ni shamba la kesho. Beret haoni hivyo. Anaona uwanda usio na mti wala kilima cha kujificha nyuma yake, na moyoni anaamini kwamba Mungu anamwadhibu kwa dhambi ya ujana wake na kwa kuwaacha wazazi wake. Nzige wanakuja, wanakula ngano, wanarudi mwaka unaofuata. Akili ya Beret inachoka. Siku moja mumewe anamkuta amejifungia na watoto ndani ya sanduku kubwa la kale alilokuja nalo kutoka kwao.

Ndipo anapita mchungaji, mtu asiye na makuu, aliyechoka kwa safari. Anakaa na familia hii, anamsikiliza mume, anazungumza na mke juu ya rehema, anawapa watu Chakula cha Bwana akilifanya sanduku lile kuwa madhabahu. Beret anapata nafuu. Mimi kama mchungaji nilizisoma kurasa hizo kwa shukrani. Ni wachache kati ya waandishi wakubwa wa karne iliyopita waliomchora mchungaji kama mtu wa kawaida anayefanya kazi yake vizuri.

Kisha unakuja mwisho. Ni majira ya baridi kali ya 1880 hadi 1881. Hans Olsa, rafiki mkubwa wa Per Hansa na jirani yake, amepigwa na tufani ya theluji akiokoa mifugo yake, na sasa amelala anakufa. Beret, ambaye sasa ni mcha Mungu wa namna iliyo ngumu, anaketi kando ya kitanda na kumwambia mgonjwa habari za hukumu hata hofu inamjaa. Anataka mchungaji. Nje theluji imeziba kila njia, na kila mtu anajua kwamba safari hiyo haiwezekani. Per Hansa anakataa, wanabishana na mkewe, na mwishowe anatoka akiwa na mbao za kutelezea juu ya theluji. Harudi. Mwezi Mei watoto waliokuwa wakikimbiza ng'ombe wanamkuta ameketi, ameegemea rundo la nyasi kavu, uso wake umeelekea magharibi.

Hapo kitabu kinaisha, na hapo ndipo kiliponivunja moyo.

Nianze kwa kusema ni kipi hakikunivunja moyo. Si huzuni yake. Mkristo hana haki ya kudai kwamba kila hadithi iishe kwa harusi. Biblia yetu ina kitabu cha Ayubu na Maombolezo, ina Zaburi ya 88 ambayo inakwisha gizani bila hata neno moja la faraja. Anayesema hadithi ni mbaya kwa sababu imemliza, hajasema kitu juu ya hadithi. Amesema juu ya machozi yake tu.

Kuna jambo la pili, na hilo nalihesabu kuwa deni la kitabu chenyewe. Juu ya kilima karibu na shamba la Per Hansa kuna kaburi la mtu wa wenyeji wa nchi ile. Wenyeji hao wanapita mara moja, Per Hansa anamtibu mmoja wao mkono uliooza, kisha wanatoweka katika hadithi. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Mwaka 1862 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kugawa ekari 160 kwa kila mlowezi. Mwaka huohuo ilipigwa vita na watu wa Dakota huko Minnesota, na tarehe 26 Desemba wanaume 38 wa Dakota walinyongwa kwa siku moja katika mji wa Mankato. Ni miaka kumi na mmoja tu kabla ya gari la Per Hansa kufika. Beret anakesha akijishtaki kwa dhambi nyingi, nyingine za kweli na nyingine za kufikirika, lakini katika orodha yake ndefu swali la nchi hii ilikuwa ya nani halimo. Kitabu kinachochimba dhamiri kwa kina kiasi hicho kingeweza kuchimba na pale penye kaburi.

Jambo la tatu ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya niandike. Msomaji anafunga kitabu akiamini kwamba imani ndiyo iliyomuua Per Hansa. Mke alikuwa na imani, mgonjwa alikuwa na imani, na imani ilidai mchungaji, kwa hiyo mtu mwenye afya na watoto wanne akatolewa nje afe. Naamini hesabu hiyo si sahihi, na kitabu chenyewe kina ushahidi wa kuipinga.

Rudi nyuma katika hadithi, ndugu msomaji, mpaka usiku wa Krismasi ya kwanza. Beret anajifungua mtoto kwa taabu kubwa. Mchungaji hayuko; hakuna hata mmoja katika eneo lote. Wanafanya nini? Per Hansa anamwomba jirani yake ambatize mtoto, na jirani anambatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Mtoto anaitwa Peder, na jina la pili lenye maana ya mshindi. Na jirani huyo ni nani? Ni Hans Olsa. Yuleyule ambaye baadaye atalala kitandani akiogopa kufa kwa kuwa mchungaji hajafika.

Mkulima aliweza kumfungulia mtoto mchanga mlango wa Kanisa kwa maji na Neno, bila joho wala kola, na ubatizo ule ulikuwa ubatizo kamili. Je, rafiki yake asingeweza kumwambia yeye, kwa Neno lilelile, kwamba dhambi zake zimeondolewa kwa ajili ya Yesu Kristo? Kama Mungu hakumngoja mchungaji usiku wa kuzaliwa, kwa nini angemngoja siku ya kufa?

Hili si wazo langu jipya. Mwaka 1537 Philipp Melanchthon aliandika waraka juu ya mamlaka ya Papa, nao umo katika maandiko ya ukiri wa Kanisa letu. Anataja kisa kinachotoka kwa Agostino: Wakristo wawili wako chomboni baharini katika hatari, mmoja anambatiza mwenzake aliyekuwa bado mwanafunzi, na huyo aliyebatizwa sasa hivi anamtangazia mwenzake ondoleo la dhambi. Kwa maneno mengine, ubatizo wa dharura na ondoleo la dharura vimewekwa katika kisa kimoja, kwa sababu vinatoka katika Neno moja. Katika Makala za Smalkald, Luther anahesabu njia ambazo Injili hutufikia: mahubiri, ubatizo, Chakula cha Bwana, mamlaka ya funguo, na pia ndugu kuzungumza na kufarijiana wao kwa wao. Na Yakobo, katika sura ya 5, anaagiza wazee wa kanisa waitwe kwa mgonjwa, kisha mistari miwili tu mbele anatuambia tuungamiane dhambi sisi kwa sisi. Wote wawili ni maagizo yake, na hakuna linalofuta lingine.

Basi kilichomuua Per Hansa si imani. Ni imani iliyofundishwa nusu. Watu wale walikuwa wamefundishwa kumheshimu mchungaji na kuiogopa hukumu. Hawakuwa wamefundishwa, au walikuwa wamesahau, kwamba kila aliyebatizwa amepewa neno la kumpa mwenzake katika saa ya mwisho.

Hapa atatokea mtu wa fasihi na kunipinga. Atasema: Mchungaji, riwaya si Katekisimo. Mwandishi hakuajiriwa kufundisha ondoleo la dhambi. Kazi yake ni kuonyesha watu walivyokuwa, na kama walikuwa wamesahau, basi aonyeshe kwamba walisahau. Tena huenda uchungu wote umewekwa hapo makusudi, ili wewe uukumbuke ule usiku wa Krismasi na kulia.

Pingamizi hili lina nguvu, nami nalikubali sehemu yake. Mwandishi hawajibiki kwa ujinga wa watu anaowaandika, kama vile mwandishi wa Kitabu cha Waamuzi hawajibiki kwa nadhiri ya Yeftha. Lakini kuna tofauti kati ya kuonyesha kwamba watu wamesahau na kuacha msomaji asijue kwamba kulikuwa na kitu cha kukumbuka. Pale kitandani hapainuki hata sauti moja, hata ya kunong'ona na kushindwa, inayosema neno lile jingine. Mchungaji mpole aliyezungumza juu ya rehema amesahauliwa na kitabu kama alivyosahauliwa na Beret. Kwa hiyo nasema kuvunjika kwangu moyo kuna sehemu mbili. Moja namwachia mwandishi, kwa sababu alipanda mbegu usiku wa Krismasi na hakuivuna. Nyingine siwezi kumwachia yeye, kwa kuwa jambo lenyewe si la kubuni. Ni la kwetu.

Katika usharika wenye mitaa mingi, mchungaji anaweza kuwa mmoja tu. Wakati wa masika mto hujaa na barabara hukatika. Simu inapigwa saa nane za usiku: baba amezidiwa, anamwita mchungaji. Kijana mmoja anaambiwa achukue pikipiki amfuate. Hakuna anayemwuliza kijana barabara ikoje, maana ni nani atathubutu kuonekana anamnyima mzee huduma ya mwisho? Na huku nyuma, chumbani, watu kumi wamesimama kimya. Kuna mwinjilisti, kuna mzee wa kanisa, kuna mama wa kwaya anayezijua tenzi zote kwa moyo. Wote wanasubiri. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, mpe. Lakini anayeona njaa ya roho tunamwambia asubiri mpishi.

Mambo mawili yanahitaji kuamuliwa hapa, nami nitayasema moja moja.

La kwanza: je, ni halali kumtuma mtu katika hatari ya kufa ili mwingine apate huduma takatifu? Nadhani jibu liko katika 2 Samweli 23. Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti wakamletea. Daudi hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake damu ya watu walioziweka roho zao hatarini. Hamu yake haikuwa mbaya. Maji ni mema na Bethlehemu ni kwao. Lakini alielewa kwamba hamu njema hainipi mamlaka juu ya uhai wa mwenzangu. Beret hakulielewa hili. Alidhani kwa kuwa anachokiomba ni kitakatifu, basi gharama yake haina kipimo. Mungu wetu hakuagiza hivyo. Waalimu wa Kanisa wamefundisha tangu zamani kwamba si kukosa sakramenti kunakomhukumu mtu, bali kuidharau. Anayeitamani na kuikosa kwa sababu mto umejaa, hajakosa kitu chochote kwa Kristo.

Mtu anaweza kujitoa mwenyewe, ndiyo. Mchungaji anaweza kuamua kuvuka mto, na wamisionari na wainjilisti wengi walifanya hivyo. Ila kujitoa ni neno la mtu juu ya uhai wake mwenyewe. Likisemwa juu ya uhai wa mwingine, linabadilika maana.

La pili: je, tukisema kila Mkristo anaweza kumfariji mwenzake na kumtangazia msamaha, hatudharau huduma ya mchungaji? Wapo wanaohofia hivyo, na hofu yao si ya bure. Ungamo la Augsburg, ibara ya 14, linasema mtu asifundishe hadharani wala kutoa sakramenti pasipo kuitwa kwa utaratibu. Nami nausimamia utaratibu huo. Chakula cha Bwana kitangoja mchungaji. Mwiteni mapema, ugonjwa ungali mwepesi, msingoje pumzi ya mwisho. Lakini utaratibu umewekwa ili Injili iwafikie watu. Ukitumiwa ili kumzuia Mkristo asimwambie ndugu yake anayekufa kwamba Yesu amekufa kwa ajili yake, umegeuzwa kinyume cha kazi yake. Mchungaji anayefundisha vizuri hujulikana siku ambayo hayupo.

Jambo hili linawahusu pia walio mbali. Wengi wetu tuna mtoto au ndugu aliyehamia nchi nyingine kwa masomo au kazi. Tunamfungia kanga, unga, pengine Biblia na kitabu cha nyimbo. Beret naye alikuja na sanduku zuri kutoka nyumbani. Katika ule uwanda alipohitaji kitu cha kumwambia jirani anayekufa, alichokuwa nacho kinywani kilikuwa hofu peke yake. Tuwaulize watoto wetu kabla hawajapanda ndege: siku mwenzako wa chumba atakapougua hospitali huko, na hakuna mchungaji anayejua lugha yake, utamwambia nini?

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa vitendo. Katika darasa la Kipaimara, tusiishie kwenye ubatizo wa dharura, ambao wengi wanaujua. Tuongeze na lile la kitandani: kumsikiliza mgonjwa anayetaka kuungama, kutunza siri yake, kumwambia kwa jina lake kwamba kwa ajili ya Yesu Kristo dhambi zake zimesamehewa, kusali naye Baba Yetu, na kukaa naye. Wazee wa kanisa na wainjilisti wafundishwe tena, ili wasione haya. Na familia ijue kwamba wanapofanya hivyo hawashiki nafasi ya mchungaji, wanafanya kazi ambayo ubatizo wao uliwapa.

Nakipendekeza kitabu cha Rølvaag kwa yeyote anayeweza kukipata. Akisome akikitetea na akikilaumu. Na akifika ukurasa ule ambapo Per Hansa anafunga mbao zake miguuni, asimame kidogo afikirie chumba anachokiacha nyuma, na rafiki aliyelala humo. Neno ambalo Per Hansa alitumwa kulifuata kwenye theluji lilikuwa tayari ndani ya nyumba. Hans Olsa mwenyewe alikuwa amelitamka juu ya mtoto wa Per Hansa, na Per Hansa alikuwepo akisikia.